Waliotusalimia kwa Kibangubangu

Kasongo, Jumanne usiku

Nimechoka, hata sauti imenikauka. Leo darasani nilifundisha Vita ya Pili ya Dunia, nikafika kwa wale askari Wajerumani waliovaa nguo za adui, wakasema lugha yake, wakapenya hadi nyuma ya majeshi yake na kushika madaraja kabla hajashtuka. Wanafunzi walifurahi kama wako kwenye filamu. Mmoja akapiga makofi: "Madamu, hao watu walikuwa na akili!"

Kisha Zaina, aliyekimbia Kabambare na mama yake mwaka juzi, akainua mkono. "Kwetu pia walikuja hivyo, Madamu. Walivaa nguo za jeshi letu, wakatusalimia kwa Kibangubangu, lugha yetu. Papa akawatolea viti. Hakurudi ndani."

Nilipaswa kusema kitu. Nikafuta ubao tu.

Inaniudhi mpaka sasa. Kitabu kinasifu ujanja wa wale askari ukurasa mzima, lakini waliowafungulia mlango hakiwataji hata kidogo.

Na mume wangu yuko njiani na pikipiki, analeta mchele kutoka Kabambare. Jioni alinipigia simu. Alikuwa amechoka kwa matope, lakini alicheka.

"Usiogope, Mama Asha. Tumekuta maaskari njiani, tutalala karibu nao. Ni watu wetu hawa, wametusalimia kwa Kibangubangu."

Nikataka kumwambia... simu ikakatika. Tangu hapo haipatikani.

Jana, maneno yake hayo yangetosha nilale.