Arobaini Isiyo na Jina

Jumanne, 3 Februari

Yasini,

Nimerudi kutoka soko la Kalerwe na nyanya na vitunguu vya arobaini yako. Nimenunua na pilipili. Mlaji wake ulikuwa wewe tu.

Mwenyekiti wa mtaa alikuwa ananingoja mlangoni. Dua tusome, ila jina lako lisitajwe. Amri ya wakubwa. Wana bunduki na magari, wanaogopa jina la mchomelea mageti wa Katwe.

Ulichomelea kishikio cha spika kwenye gari la mgombea wasiyemtaka. Basi. Wakakuchukua mzima, wakakurudisha ndani ya shuka. Karatasi yao inasema malaria. Malaria gani inavunja vidole? Hata kudanganya hawajui.

Alhamisi, 5 Februari

Shehe amekubali sharti lao. Hakunitazama. "Mama Sauda, Mungu anamjua." Najua anamjua. Nataka watu wamsikie.

Nimemdharau. Halafu nikakumbuka ana watoto.

Jumamosi, 7 Februari

Kwenye dua yako walikuja wawili, wamevaa kanzu mpya, mikunjo ya dukani bado iko. Wapelelezi! Mmoja alikanyaga mkeka na viatu. Mwenzake alianza kula mandazi kabla ya Fatiha. Shangazi yako Halima, nyuma ya pazia kwa wanawake: "Wapeni chai wageni wa serikali. Huko hawalishwi."

Shehe alifika penye jina. Akakohoa, akaliruka. Halima akapaza sauti: "Shehe, pilau yote hii, tunamwombea nani?"

Nikasema mimi: Yasini bin Hamisi. Wanawake wakarudia, kisha wanaume. Shehe akafuta macho, akalisema kwenye kipaza sauti.

Yule mla mandazi, mikono juu, aliitikia "Amina" kwa sauti kubwa kuliko wote. Mpaka mwenzake akampiga kiwiko. Walikuua, na kukuombea wakakuombea. Wajinga.

Jumapili, 8 Februari

Mwenyekiti amerudi. Kesho asubuhi nifike kituo cha polisi. Hakuingia ndani. Nilimpa pilau iliyobaki, akaipokea.

Binti yetu Sauda nimempeleka kwa Halima. Nimemsuka nywele, kavumilia bila kulia. Nimefagia. Nimeosha kisahani chako, kile ulichokuwa ukimiminia chai ipoe, nikakirudisha mahali pake.

Naogopa. Wakiniuliza nani alianza kulitaja, nitasema ni mimi.

Huko uliko, Yasini, unikumbuke.