Miwani Iliyopimwa

Jumatatu, 9 Juni

Miwani mpya ya kazi imefika karakana. Ya zamani ilishakwaruzika, chuma unakikisia tu. Anayegawa ni mtunza stoo — shemeji yangu huyo, mdogo wa marehemu mume wangu. Kanipa mimi wa mwisho, uso kaukunja. Nyepesi! Nimeibinya kwa kidole gumba, kioo kikanesa. Nikamuuliza, grainda ya kusagia chuma ikirusha kipande itazuia hii? Kasema imepimwa, nisimwaibishe mbele za watu, kazi hii kanitafutia yeye. Wimbo wake huo. Simpendi. Hajawahi kunipenda.

Jumanne, 10 Juni

Diski ya grainda ya Kipara imepasuka. Tunasaga chuma naye meza moja. Kipande kikampiga kwenye miwani, kioo kikavunjika kikamchana kope. Kope tu, jicho limepona. Msimamizi kamfunga bandeji, kasema arudi kazini.

Jicho hilo lingeweza kuwa langu. Nikipofuka nani atanilisha? Shemeji?

Jumatano, 11 Juni

Nimemfuata stoo. Kipara nyuma yangu. Nimemuuliza shemeji kapima vipi.

"Kwa futi kamba," kasema. "Sikio mpaka sikio. Inawatosha wote."

Na hatanii! Mpumbavu huyu kaambiwa na msimamizi apime miwani, kapima upana wa nyuso. Nimecheka vibaya. Nikatoa gololi kwenye beringi mbovu, nikapanda juu ya benchi, nikaidondosha kwenye miwani mpya. Kioo vipande. Kipara kasema hata sahani ya nyumbani kwake ingestahimili.

Shemeji kanisogelea.

"Ulimmaliza kaka. Sasa unanitafuta mimi."

Mbele ya Kipara. Kaka yake alikufa kwa mapafu, vumbi la karakana hiihii. Nikatoka stoo. Ningebaki ningemtupia gololi ya menoni.

Alhamisi, 12 Juni

Asubuhi msimamizi katukusanya. Asiyevaa miwani mpya atoke, wanaotaka kazi wamejaa getini. Kipara na bandeji yake kaivaa. Ana watoto, simlaumu.

Nikasema mimi sivai mpaka aliyeipima aivae. Asimame kwenye grainda yangu, asage.

Msimamizi kaona rahisi. Kamwambia shemeji aoneshe mfano. Mimi nisubiri nje — grainda ikilia salama nirudi nivae, au niende zangu.

Shemeji kavaa. Na ile miwani usoni kafanana na marehemu kabisa. Nimechukia kuona vile. Wakati napita akaninong'oneza, "Shemeji, waambie umekosea." Hajawahi kuniomba kitu huyu.

Nikapita.

Sasa nimekaa kwenye ndoo nje ya mlango, naandika. Humo ndani msimamizi anamwambia awashe. Kamwambia tena, kwa ukali.

Grainda haijalia.