Tuta Lililofunga Njia ya Maji

Delta ya Rufiji, 3 Machi 2024

Shikamoo Mama,

Habari za Kisongo? Mimi mzima, na mimba inaendelea vizuri. Nesi anasema Mei.

Mama, nina hasira. Ile njia yetu ya maji inayopita katikati ya mikoko, shwari hata upepo ukivuma, imefungwa. Mwekezaji wa mabwawa ya kufugia kamba amejaza udongo, akajenga tuta kuikata yote. Sasa boti ya mume wangu Shomari inazungukia nje, bahari kuu, ndipo tufike hospitali. Tumeandika barua, tunaambiwa tusubiri.

Mwanao,
Nashipae

Kisongo, 10 Machi 2024

Marahaba mwanangu,

Hatujambo. Mvua imeanza, ng'ombe wanapata majani.

Msubiri nini? Huku kwetu Umasaini mtu akiziba mapito ya ng'ombe, wanawake hatuandiki barua. Tunakwenda kwake wote tukiimba, hatuondoki mpaka ang'oe seng'enge kwa mikono yake. Hakuna mwanaume wa kutuzuia, wanaogopa laana yetu. Wakusanye wanawake wa huko!

Mama yako,
Simaloi

Delta ya Rufiji, 28 Aprili 2024

Shikamoo Mama,

Natumaini hamjambo. Mimi miguu imevimba, nimekatazwa safari ya kuja huko.

Tulikwenda, tukaimba kutwa. Huku hakuna anayeogopa laana ya wanawake, Mama. Meneja alitupiga picha huku anacheka, kisha akaita polisi. Wenzangu watatu wako rumande, na tuta lipo palepale. Naiogopa ile bahari ya nje.

Mwanao,
Nashipae

Kisongo, 19 Mei 2024

Mwanangu Nashipae,

Pole. Pole sana. Simu yako haipatikani, lakini Shomari amenieleza mawimbi yalivyowarusha, na mjukuu wangu akazaliwa botini, akafa kabla hamjafika hospitali.

Jana mchungaji alikuja kunifariji, akasema ni mapenzi ya Mungu. Nikamwambia, Mchungaji, chai kunywa, ila hilo neno ondoka nalo. Mungu hakujenga lile tuta. Lina mwenyewe, na leo amekula akashiba.

Usije ukaniambia umeshukuru kwa yote. Kasirika, mwanangu.

Kesho napanda basi kuja kwako. Kaka yako Lemburis anauliza mafuta ya kondoo ya nini tena, wakati mtoto hayupo. Nimemuuliza, tangu lini mtoto mchanga akanywa mafuta? Ni ya kumrudishia nguvu mama mzazi. Kondoo nimechinjisha, mafuta nimeyayeyusha mwenyewe. Utayanywa, maana umezaa.

Mama yako,
Simaloi