Ukimya wa Chumba Chako, Zoran

Kaka Zoran,

Leo unatimiza arobaini tangu ufariki. Kwetu Tanga tunaihesabu, na uliniambia kwenu Serbia nako mnaihesabu. Kesho kipindi chetu kinakwenda hewani, na kuna jambo nataka ulijue kabla.

Tangu uondoke, mafundi sauti wawili wamekalia kiti chako pale redioni. Wote wanatafuna bigijii kazini. Hakuna tena wa kunitania kwa Kiswahili cha Morogoro, ulikokulia wakati baba yako akijenga barabara. Flati yako ya mtaa wa Abu Hamour, katika nchi hii ya Waarabu, haijapata mpangaji. Binti yako Mila alisafirisha vitu vyako, vikabaki friji, meza na viti viwili.

Kipindi kilipungukiwa na ukimya. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba kila chumba kina ukimya wake, na ukikata maneno ya mtu, pengo lazima ulizibe kwa ukimya wa chumba kile kile alichosemea. "Dakika moja tu, dada Rehema, na usipumue kama ng'ombe." Siku ya mwisho ya kukurekodi ukisimulia kwenye flati yako, tulisahau kuurekodi. Sisi wawili, na miaka yote hii ya kazi.

Kwa hiyo nilirudi. Mlinzi wa jengo, Otieno wa Kisumu, alinipa ufunguo akakataa kupanda. "Huko kuna mtu, madam." Nikamuuliza amesikia sauti gani. "Sauti ningezoea. Huyu amenyamaza tu. Mimi nimeandikwa kulinda mlango wa chini. Huko juu jilinde."

Ilikuwa Ijumaa mchana, watu wamo msikitini, barabara tupu. Nilizima kiyoyozi, nikachomoa friji, nikafunga madirisha, nikarekodi dakika moja huku jasho likinitiririka. Kwenye sekunde ya ishirini na sita kuna pumzi. Si yangu, yangu niliibana. Ni fupi, nzito, kama imepita kwenye kitambaa. Nilirekodi mara tatu. Sekunde ile ile, mara zote tatu. Sina maelezo na sitabuni.

Lakini unajua nilichofikiria.

Mwezi mzima ulinisimulia habari za babu wa babu yako, kamanda wa waasi. Aliacha biashara ya farasi akaingia msituni kupigana na jeshi la Sultani wa Istanbul. Alichoma ngome, akafukuzwa hadi ng'ambo ya mto, akarudi, akapita majira mawili ya baridi akila magome ya miti. Kwenu anaimbwa. Siku ya mwisho ukanipa kisichoimbwa. Wamejificha pangoni, askari wanapita juu yao. Kum wake amejeruhiwa, anaguna kwa maumivu. Kum, ulinieleza, ni ndugu wa ubatizo, na kwenu ni zaidi ya ndugu wa damu. Kamanda akamziba mdomo kwa koti lake mpaka askari wakapita. Wengine wote wakapona. Kum hakuamka. Nyumbani mkaambiwa alikufa kwa jeraha.

Mila anataka nikiondoe kipande hicho cha pango. Alinipigia simu akilia. "Auntie, baba alikuwa anaumwa. Dawa zilimvuruga." Shuleni kwa wanawe picha ya kamanda iko ukutani. Nilisita, kaka. Siku mbili nilisita.

Halafu nikasikiliza upya. Sauti yako haitetemeki. Nilipokuomba jina la yule kum, kama ninavyomwomba kila mtu, ulilitaja herufi kwa herufi. Nikakosea moja, ukanisahihisha, ukataka nikusomee tena. Aliyevurugwa na dawa hafanyi hivyo. Kisha ukasema, "Jina hili halijatamkwa ndani ya nyumba yetu tangu siku ya pango." Ukavua hedfoni, ukaenda kuchemsha chai.

Nimemwandikia Mila kwamba kipande kinabaki. Hajajibu, na huenda asijibu kamwe. Hilo litaniuma, maana nilimjua tangu akiwa na mapengo mdomoni. Fundi mpya naye alitaka kuisafisha ile pumzi. Nimemkataza kuigusa.

Pumzika, Zoran. Kazi yako imekamilika, na hii iliyobaki ni yangu. Kesho asubuhi, kabla sijataja jina la kamanda, nitataja la yule aliyekuwa chini ya koti.

Anaitwa Vukman. Nitalisoma polepole.

Rehema