Porseleni ya Buji Ndani ya Aluminium

Yaya Mwamini, jambo sana!

Goma yote haina mutu mwenye bahati kama mimi: kipande changu cha kwanza kimefaulu mtihani! Vita imefunga njia, vipuri haviingii, basi hapa Ndosho Papa Amisi, mwenye karakana, anatengeneza vyake. Tunasaga unga wa aluminium na porseleni nyeupe ya buji chakavu, zile plagi za magari, ndani ya pipa linalozunguka lenye goroli za chuma, siku tatu, mpaka vinashikana; porseleni ndiyo inatia ugumu. Kisha tunaukandamiza kwa moto. Changu kilikuwa cha pampu ya maji ya wakimbizi, kule Kanyaruchinya.

Jana mvua inapiga mabati, tunakula samaki sambaza za moto, Papa akamega kidogo kipande changu, akakitumbukiza kile kimega katika soda kali ya wapika sabuni. Soda inakula aluminium, lakini haiwezi kula porseleni. Ikachemka, ikatulia, chembe zikabaki chini.

Nikaruka: «Papa, iko ndani!»

Akazisuuza. «Toka lini porseleni ikawa nyeusi, bwana mukubwa?»

Yaya, nilichoka kuponda buji. Nikajaza lava iliyosagwa mahali pa porseleni. Tangu volkano iteremke, iko mlangoni kwa kila mutu.

«Pampu ikikwama, wamama wa Kanyaruchinya watakunywa nini? Soda hii?» Akacheka, akanisogezea nyundo na kikapu cha buji. «Ponda. Unaanza upya.»

Kwa hiyo ninabaki hapa karakanani, ninakula vizuri, nimenenepa. Ubusu watoto wote, na mama mara mbili.

Ile bahati niliyoandika juu ni uongo. Kipande kimeanguka mtihani.

Ndugu yako, Saidi