Mlenda Usio na Chumvi

Kabula mjukuu wangu, mwangaluka! Huku Bariadi tu wazima, ila meno yangu yamebaki mawili, nayo hayaelewani.

Unauliza, kwa kuwa huko kazini mnapima damu za watoto wagonjwa wa figo, kama ukoo wetu uliwahi kuwa na mtoto wa kuvimba. Alikuwepo Masanja, ambaye angekuwa baba yako mkubwa. Alivimba uso na miguu miaka ile vyama vya ushirika vya pamba vilipovunjwa. Daktari alimpa vidonge, akakataza chumvi. Mtoto wa jirani alimeza vidonge hivyohivyo, akapona. Wetu tulimzika.

Mimi mjinga nikamfokea bibi yako, "Ulimlambisha chumvi!"

"Baba Masanja, sikumpa."

Sikumwamini. Tangu hapo hapiki na chumvi, nami humtania kwamba ng'ombe wanakula vizuri kuliko mimi.

Sasa unaniandikia kwamba wapo watoto ambao vidonge vile haviwasaidii, kwa sababu ya vinasaba walivyozaliwa navyo. Jana nilimsomea barua yako, nikamwekea pakiti ya chumvi mbele yake.

"Mama Masanja, nisamehe."

 Jioni alileta mlenda bila chumvi, kama kawaida. Nilimaliza bakuli, wala sikumtania.

Babu yako