Dakika Kumi na Sita za Muzee Nasoro

Murara, Goma
Tarehe 12 Januari 2026

Mpendwa dada Shakila,

Asalaam aleikum, wewe na wote walio nyumbani kwako huko Pangani. Shangazi Aziza anaendeleaje? Goti lake limepona, au bado anapanda ngazi huku analalamika? Na watoto, wamesharudi shule? Sisi huku tuko wazima, Alhamdulillahi. Hali ya mji wetu unaisikia redioni, kwa hiyo sitaijaza karatasi nayo. Tunaamka, tunafungua milango, tunafanya kazi. Cherehani yangu pale Birere haijapumzika tangu mwaka uanze.

Sasa kaa vizuri, dada, maana nina habari na siwezi kuishika tena: baba yangu ameweza! Mjomba wako, Muzee Nasoro, mwenye miaka sabini na moja, ameelea kwenye maji ya ziwa Kivu dakika kumi na sita bila kugusa chini. Ulimtaka dakika kumi na tano. Amekupa na moja ya nyongeza.

Lakini wacha nikueleze tangu mwanzo, kwa sababu hujui tulipopita.

Unakumbuka tulikuandikia kwamba Muzee anataka kuja kuona matumbawe kabla macho yake hayajafunga. Daktari alikuwa ametuambia wazi: presha ya macho imeshalichukua jicho la kushoto, na la kulia linazidi kufinyika. Hakuna wa kutuahidi mwaka kesho. Miaka thelathini Muzee alipeleka kamyo, lori la tajiri tuliyemwita patro, mpaka pwani, akashusha mizigo, akapakia, akageuza. Bahari aliiona kupitia kioo tu. Chini yake kuna nini, hajui.

Ndipo Oktoba likaja jibu lako, kwamba kikundi chenu cha kulinda mwamba hakimshushi mtu majini mpaka aweze kuelea robo saa bila kusimama, hata awe mjomba wa mwenyekiti. Niliisoma hiyo sentensi mara mbili kwanza, ndipo nikathubutu kumsomea.

Alikasirika mpaka kofia ikaanguka. "Mutoto wa dada yangu ananikataza bahari? Shakila? Mi nilimubeba mgongoni huyu!"

Nilimweleza kama ulivyonieleza: kwamba matumbawe ni viumbe hai na hukua polepole sana, kwamba mtu akiogopa majini hutafuta pa kuweka miguu, hata akiwa na jaketi la kuelea, na mguu mmoja unavunja kazi ya miaka mingi. Hakutaka kusikia.

Siku mbili baadaye akakutana na Carlos, yule anayepangia watu safari, mwenye ofisi jirani na kibanda changu. Carlos akamwambia kuna mahali pengine ambapo maji yakitoka, wageni wanavaa viatu vya raba, wanatembea juu ya mwamba wenyewe, wanaokota wanachotaka na kupiga picha. Hakuna kuelea, hakuna mtihani. Muzee akarudi nyumbani anacheka. Kaka yangu Djibril akaniambia, "Tumuache aende, Farida. Macho ni yake." Na mimi, dada, nikiri kwako: nilikuwa karibu kukubali. Ni baba yangu, na jicho halingoji mtu.

Kesho yake asubuhi, tukiwa kwenye chai, nikamuuliza, "Papa, ile siku mutoto wa patro alitaka kuteremsha kamyo yako kutoka Kibati, ulimujibu nini?"

Akanitazama kwa mashaka. "Nilimwambia hajui breki za mulima."

"Lakini alikuwa mutoto wa patro."

"Hata angekuwa patro mwenyewe! Ile kamyo ilikuwa na watu juu!"

Kisha akachukua kijiko. Akakoroga chai kwa muda mrefu, na wewe unajua hatumii sukari. Nilipokuwa nakusanya vikombe, akauliza bila kuniangalia, "Kule ziwani, ni nani anafundisha?"

Anayefundisha ni Joviale, binti wa wavuvi, miaka ishirini na saba, sauti yake inafika ng'ambo. Anafundisha akina mama kuogelea kwenye ufuko mdogo wa mchanga mweusi. Nilimshonea Muzee suruali ndefu na shati la mikono mirefu kwa kitambaa cha trening za michezo, na mimi nikajishonea ya kwangu pamoja na kilemba chake, na Djibril vilevile. Hivyo hatutahitaji kujipaka mafuta ya kuzuia jua, yale uliyosema yanadhuru matumbawe.

Siku ya kwanza Muzee alizama kama jiwe. Alikunywa maji, akakohoa, akatoka, akapanda moto, hiyo pikipiki mnayoita bodaboda, nguo zake zikichuruzika, akatuacha pale. Wiki ya pili alizama tena. Wiki ya tatu akaniambia kifua kinamuuma, nami nikajua ni aibu, kwa sababu wanaume waliokuwa wanaosha moto zao ufukoni walikuwa wamemcheka. Alikaa siku nne bila kutoka nje.

Joviale ndiye aliyemfuata mpaka Murara. Aliingia, akasalimia, akakaa, akasema, "Papa, kosa lako nimelijua. Unashika shingo juu kama uko unaangalia barabara. Kwenye maji hakuna barabara. Ukiachilia kichwa, miguu itapanda yenyewe."

Muzee akamuuliza, "Na kama nitazama?"

"Mikono yangu itakuwa chini yako. Sijawahi kumuangusha mutu."

Alirudi. Na siku ile alipoachilia shingo, dada, niliona miguu yake ikipanda, vidole vikitokeza nje ya maji, na yeye mwenyewe akishangaa kama mtu aliyekuta ndugu yake sokoni. Tangu hapo hakukosa siku, hata za mvua. Novemba alifikia dakika nne. Desemba akafikia tisa. Akaanza kuvaa maski ya kuogelea, uso chini, akipumua kwa mrija, akitazama mawe meusi ya Kivu. Aliniambia samaki wadogo wa kwetu nao wana mambo yao.

Mtihani tulifanya juzi Jumamosi. Joviale alichagua makusudi mahali ambapo maji yanafika kifuani tu. "Mahali ambapo kusimama ni rahisi," alisema, "ndipo tutajua kama hatasimama." Muzee akavaa maski na mrija, akalala juu ya maji uso chini, na saa ya simu ikaanza kuhesabu. Akina mama waliokuwa wanafua waliacha kufua. Wale wa moto walikuja pia, safari hii kimya.

Dakika ya kumi na moja nikaona mguu wake wa kulia unajikunja. Msuli ulikuwa umekaza. Akageuka chali, uso umekunjamana kwa maumivu. Djibril akapiga kelele, "Papa, simama tu! Simama!" Chini palikuwa karibu, mita moja na kidogo. Mimi nilikuwa nimeshaingia majini na viatu vyangu.

Muzee akainua mkono mmoja, akatuzuia. Akashika vidole vya mguu kama Joviale alivyomfundisha, akauvuta pole pole, akiwa bado amelala juu ya maji, anahema. Hakusimama. Maumivu yalipompita, akageuka tena, uso chini, akaendelea. Kumi na mbili. Kumi na tatu. Nilikuwa naomba dua zote nilizofundishwa madrasa. Joviale alipoita kumi na tano, ufuko wote ukalipuka kwa vigelegele, na Muzee kwa sababu masikio yalikuwa majini hakusikia kitu, akaelea dakika nyingine nzima!

Alipoinuka, maneno yake ya kwanza yalikuwa, "Andikia Shakila. Mwambie hakunipa upendeleo, na sikuutaka."

Basi nakuandikia. Tuandikie majina mawili ya kushuka majini, yake na ya Djibril, ambaye amefaulu bila taabu. La kwangu usiliandike. Mimi nilijaribu baada yao, nikaishia dakika tisa, nikasimama. Djibril alitaka tuandike kumi na tano, akasema Pangani ni mbali, nani atajua? Muzee akamkata: "Tisa ni tisa. Atabaki kwenye mashua." Usinihurumie, dada. Sijawahi kufurahi hivi kwa kukataliwa.

Tutafika kwa basi kupitia Kigali, Inshallah, tuwe kwenu tarehe tisa Februari, siku za maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, kama ulivyoshauri, na turudi kabla ya Ramadhani. Tutalala kwa yule mama jirani yako mliyekubaliana naye. Hakikisha mashua yetu ni ya wale wanaofunga kwenye boya, sio wa kutupa nanga juu ya mwamba. Majirani wa hapa wameniagiza makombe ya baharini ya kupamba sebule. Nimewajibu wote kwamba nitawaletea hadithi. Carlos naye alikuja jana kumpongeza Muzee, akaomba anwani ya kikundi chenu. Nimempa. Muzee amemwambia aanze kwanza kwa Joviale.

Nisalimie shangazi Aziza, mwambie kaka yake anakuja akiwa na jicho moja lenye njaa ya kumwona, baada ya miaka kumi na mmoja. Wasalimie watoto, na wanakikundi wote mmoja mmoja. Djibril na Joviale wanakusalimu. Mwenyezi Mungu awalinde ninyi na maji yenu, atukutanishe kwa heri.

Ni mimi ndugu yako, ninayekupenda sasa kuliko Oktoba,

Farida binti Nasoro

N.B. Sikuituma barua jana, kwa hiyo naongeza hii. Muzee ameniamsha saa kumi na mbili asubuhi, akanipeleka ziwani, akasimama majini na mikono yake chini ya mgongo wangu, akipiga kelele kuliko Joviale: "Achilia shingo, Farida! Achilia!" Nimefika dakika kumi na tatu. Acha nafasi ya jina la tatu.